Hansard na majirani zake: pa kumpimia mbunge wako wa Uganda kwa kura za mazingira

Anayetaka kujua mbunge wake alisimama upande gani siku msitu, kaveera (mifuko ya plastiki) au bomba la mafuta vilipofika bungeni ataanzia kwenye Hansard, taarifa rasmi ya yote yanayosemwa ukumbini pale Parliament Avenue, Kampala. Haitozwi hata shilingi. Iko kwenye tovuti ya Bunge, parliament.go.ug, faili moja kwa kila kikao, na mwenye simu na data kidogo anaipakua akiwa Arua au Kasese sawa na aliye Kampala. Hapa tunaipima kama huduma, pamoja na chache zinazofanya kazi jirani yake, kwa swali moja: je, mpiga kura atatoka akijua mwakilishi wake alipiga kura vipi kuhusu mazingira?

Kwa upande wa maneno, atajua mengi. Kwa upande wa kura zenyewe, mara nyingi hatapata kitu, na kosa si la wanaoandika Hansard. Wao wanaandika kilichotokea, na kinachotokea ni kwamba Bunge letu huamua mambo mazito ya misitu, maji na mafuta bila kuandika nani alikubali na nani alikataa. Katika nyota tano tunaipa tatu. Nyota ya tatu ameipata msomaji mvumilivu anayejua pa kuangalia, maana alama za msimamo wa mbunge zimo humo, ila zimetawanyika.

Kinachoandikwa na kinachopotea

Ibara ya 89 ya Katiba ya 1995 inasema jambo bungeni huamuliwa kwa wingi wa kura za wabunge waliopo na wanaopiga kura. Njia ya kawaida ya kufanya hivyo ni kura ya sauti. Spika anauliza, wanaokubali wanaitikia, wanaokataa wanaitikia, naye anatamka upande ulioshinda. Kwenye Hansard tendo hilo lote linabaki mstari mmoja: "Question put and agreed to", yaani swali limeulizwa na kukubaliwa. Hakuna jina wala idadi.

Fungua kikao chochote cha hatua ya kamati ya Bunge zima, pale mswada unapopitiwa kifungu kwa kifungu, uone. Kifungu kinatajwa. Mwenyekiti wa kamati iliyoshughulikia mswada anasoma marekebisho na sababu zake. Mbunge mmoja au wawili wanabishana naye. Waziri anakubali au anagoma. Spika, ambaye katika hatua hiyo anaitwa Mwenyekiti, anauliza swali, kisha unafuata ule mstari mmoja, na chini yake kifungu kimepita. Sheria ya Mazingira ya Taifa ya 2019, yenye vifungu zaidi ya 100, ilipita kwa mtindo huo. Aliyepaza sauti, aliyenyamaza na aliyekuwa jimboni kwenye maziko, Hansard inawaweka wote kundi moja.

Majina huandikwa pale kura inapopigwa kwa kuita mbunge mmoja mmoja. Mfano unaojulikana na wote si wa mazingira: tarehe 20 Desemba 2017, mswada wa kuondoa ukomo wa umri wa rais. Marekebisho ya Katiba yanadai theluthi mbili ya wabunge wote, kwa hiyo waliitwa kwa majina, 315 wakakubali, 62 wakakataa, 2 wakajizuia. Tunautaja kwa sababu unathibitisha kwamba Bunge lenye mamia ya watu linaweza kuhesabiwa jina kwa jina. Kuacha kufanya hivyo kwenye msitu au kinamasi ni uamuzi, wala si kushindwa.

Mara moja moja jambo la mali asili huhesabiwa kwa idadi. Desemba 2012 mswada wa petroli, wa utafutaji, uendelezaji na uzalishaji, ulipita kwa kura 149 dhidi ya 39. Idadi hiyo peke yake inapotosha, kwa sababu vita havikuwa kwenye mswada mzima. Vilikuwa kwenye kifungu cha 9, kilichompa waziri mamlaka ya kutoa na kufuta leseni za mafuta, na ndicho kilichovuruga kikao cha Novemba hadi kikaahirishwa. Wapo waliotaka sheria ya mafuta iwepo lakini hawakutaka mamlaka hayo yakae mkononi mwa mtu mmoja. Ukisoma idadi ya mwisho tu utawahukumu vibaya. Soma mjadala wa kifungu cha 9.

Kuna hesabu nyingine ambayo kila mpiga kura anapaswa kuijua kwa moyo: akidi. Ibara ya 88 inataka theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura wawepo wakati wa kura. Bunge la 11, la 2021 hadi 2026, lilikuwa na wabunge 529 wa aina hiyo: 353 wa majimbo, wanawake wa wilaya 146, na 30 wa makundi maalumu. Theluthi yake ni 177. Wakiwa 177 ukumbini, 89 wanatosha kupitisha sheria ya nchi nzima. Ndiyo maana tunasisitiza mahudhurio. Mbunge asiyekuwepo siku ya kura ya msitu ameupa uzito upande mwingine, hata kama redioni anaupenda msitu. Mahakama ya Katiba imewahi kuonyesha kuwa jambo hili si la karatasi tu: mwaka 2023 iliifuta Sheria ya Mihadarati ya 2015 kwa sababu akidi haikuthibitishwa ilipopitishwa.

Namna ya kuitumia bila kupoteza siku

Usianze na Hansard. Anza na sheria yenyewe kwenye ULII, ulii.org, maktaba ya mtandaoni ya sheria za Uganda, ambayo pia ni ya bure, ili upate jina kamili la sheria na mwaka wake. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu tarehe wanayoiona juu ya sheria ni ya rais kutia saini au ya sheria kuanza kutumika, kisha wanatafuta kikao cha siku hiyo na hawakipati. Bunge linakuwa limepitisha wiki au miezi kadhaa nyuma. Sheria ya Mazingira ilipita Novemba 2018, ikasainiwa Februari 2019. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilipita tarehe 27 Aprili 2021, ikasainiwa Agosti. Rudi nyuma kuanzia saini hadi uikute siku ya kusomwa mara ya tatu, halafu urudi tena hadi kusomwa mara ya pili.

Mfano huo wa tabianchi una mtego wa pili. Uchaguzi ulikuwa umefanyika Januari 2021, na Bunge la 10 lilikuwa limebakiwa na wiki chache tu. Kwa hiyo waliopitisha sheria hiyo wengi wao hawakurudi, na walioapishwa kwa mara ya kwanza Mei 2021 hawakuipigia kura hata kama leo wanajivunia. Kabla ya kumsifu au kumlaumu mheshimiwa, hakikisha alikuwa bungeni.

Katika hatua za mswada, usipoteze data kwenye kusomwa mara ya kwanza wala mara ya tatu. Ya kwanza ni kutaja jina na kuupeleka mswada kwenye kamati, ambayo kwa kanuni ina siku 45 za kurudisha ripoti. Ya tatu ni mistari michache. Pakua kusomwa mara ya pili, ambako ripoti ya kamati inasomwa na mjadala unafanyika, na hatua ya kamati ya Bunge zima. Wakati mwingine hatua hizo mbili ziko siku moja, wakati mwingine zinachukua vikao vitatu. Bunge hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi mchana, kwa hiyo ukikosa mwendelezo tarehe moja, angalia siku hizo za wiki inayofuata.

Hansard yote ni ya Kiingereza, na hili kwa msomaji wa Kiswahili ni mzigo halisi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye Katiba tangu marekebisho ya 2005, lakini hutapata ukurasa wa mjadala kwa Kiswahili. Ndani ya faili tafuta maneno haya kama yalivyo: "committee stage" kufikia hatua ya vifungu, "minority report" kwa ripoti ya wachache, "I beg to move" na "I propose" kwa anayeleta marekebisho, "division" kwa kura ya kuhesabiwa. Ukishapata sehemu, hata mwenye Kiingereza cha shule ya msingi atafuata nani anasema nini, au ataomba mwanafunzi wa sekondari amsomee kurasa mbili badala ya tisini.

Kutafuta jina kuna utaratibu wake. Mbunge anaposimama mara ya kwanza siku hiyo, jina huandikwa kwa herufi kubwa likifuatiwa na chama, jimbo na wilaya. Akisimama tena linabaki jina tu. Basi tafuta jina la ukoo, si jimbo, na kama wabunge wawili wana jina moja, rudi juu hadi pale palipoandikwa jimbo. Akiwa waziri huandikwa kwa cheo. Beatrice Anywar ni mfano mzuri wa kufuata kwa miaka mingi: mwaka 2007 alikuwa mbunge wa chama cha upinzani cha FDC, mwakilishi wa wanawake wa Kitgum, aliyeongoza kelele za kuutetea msitu wa Mabira hadi akaitwa Mama Mabira, baadaye akawa waziri wa nchi wa mazingira. Anayetafuta mchango wake kwa chama na jimbo tu ataikosa nusu ya rekodi, na nusu hizo mbili zinastahili kusomwa pamoja.

Jimbo linafaa kutafutwa kwa jambo moja. Hoja inapowasilishwa, Spika huuliza kama inaungwa mkono, kisha hutaja waliosimama kuiunga, mara nyingi kwa majimbo yao. Ni mojawapo ya sehemu chache ambapo orodha ya wabunge wa kawaida inaingia kwenye taarifa bila wao kusema neno. Ushahidi huo tunaupa uzito mdogo, kwa sababu mtu anaweza kusimama kwa heshima ya mwenzake wa chama. Lakini mbunge aliyesimama kuunga hoja ya kulinda msitu ulioko wilayani kwake, jirani zake wakiwa wamekaa, amesema jambo.

Tahadhari ya mwisho hapa ni ya namba. Kifungu cha 9 cha mswada si lazima kiwe kifungu cha 9 cha sheria, kwa kuwa vingine huongezwa na vingine kufutwa njiani. Halafu tarehe 1 Julai 2024 toleo jipya la sheria zote lilianza kutumika, na namba zikasogea tena. Sheria ya Mazingira ya 2019 sasa ni Sura ya 181. Ukiandika malalamiko au barua kwa mbunge, taja namba ya mswada unapozungumzia mjadala, na namba ya toleo jipya unapozungumzia sheria inayotumika. Kuchanganya hizo mbili ndiyo njia rahisi ya kujibiwa kwamba hujasoma.

Ukurasa wa saini

Kama una nafasi ya kusoma hati moja tu, acha Hansard na usome ripoti ya kamati. Kwa mazingira kamati zenyewe ni mbili: ya Mazingira na Mali Asili, na ya Mabadiliko ya Tabianchi. Kodi na bajeti hupitia nyingine. Ripoti zinawekwa kwenye tovuti ya Bunge, na zina kitu ambacho kura ya sauti haina: mwishoni kuna karatasi ya majina ya wanakamati wote, jimbo la kila mmoja, na nafasi ya saini. Kanuni inataka angalau theluthi moja ya wanakamati wasaini ndipo ripoti ikubalike mezani.

Karatasi hiyo isomwe kwa makini. Saini inaonyesha kwamba mbunge ameyakubali mapendekezo yale, pamoja na marekebisho yaliyoambatanishwa, kifungu kwa kifungu. Haionyeshi kwamba alihudhuria vikao. Nafasi tupu nayo haina maana moja: huenda alikataa, huenda alikuwa safarini, huenda alikuwa amehamishiwa kamati nyingine. Kinachotenganisha anayekataa na asiyekuwepo ni ripoti ya wachache. Mwanakamati asiyekubaliana anaandika sababu zake na pendekezo lake mbadala, anaweka jina, na ripoti hiyo inasomwa ukumbini baada ya ile ya wengi. Hakuna ushahidi mzuri kuliko huo katika Bunge zima la Uganda. Mtu ameandika mwenyewe, kabla ya kujua upepo utavuma wapi, kwamba kifungu fulani kinaharibu na kiandikwe vipi.

Kwa hiyo weka hati tatu pamoja: karatasi ya saini, ripoti ya wachache kama ipo, na Hansard ya hatua ya vifungu. Tazama marekebisho ya wachache yalipoletwa ukumbini nani aliyainukia, na kama aliyesaini ripoti ya wengi aligeuka mbele ya kamera. Vikao hurushwa pia kwenye chaneli ya YouTube ya Bunge, na hapo hata idadi ya viti vitupu inaonekana, ingawa kamera haikai sehemu moja na haitoshi kuwa orodha ya mahudhurio.

Ripoti ikikosekana mtandaoni, iombe kwa maandishi ofisi ya Karani wa Bunge. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa kila raia haki hiyo, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Andika jina la kamati, jina la mswada na tarehe ripoti ilipowekwa mezani. Ombi la jumla, la "taarifa zote kuhusu mazingira", hukaa kwenye faili.

Kura za mazingira zisizo na jina la mazingira

Hapa ndipo orodha nyingi za kumpima mbunge zinapokosea. Ukitafuta neno "mazingira" kwenye majina ya sheria utapata tatu nne, ukidhani ndizo kazi zote za miaka mitano. Marufuku ya kaveera iliingia kwanza kupitia Sheria ya Fedha ya 2009. Ushuru wa plastiki wa asilimia 2.5 au dola 70 kwa tani, kutegemea kipi kati ya hivyo ni kikubwa, uliingia mwaka 2021 kupitia marekebisho ya ushuru wa bidhaa. Marufuku ya kuingiza magari yaliyozidi miaka 15 ilikuja 2018 kwenye sheria ya usalama barabarani. Sheria maalumu ya bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ilipitishwa Desemba 2021, na kichwani haina neno la msitu wala maji.

Miswada ya kodi ndiyo migumu kufuatilia, kwa sababu inapita kwa mkupuo mwezi wa tano, wakati Bunge linakimbizana na tarehe 31 Mei ya kupitisha bajeti. Kifungu cha plastiki kinaweza kuamuliwa kwa dakika chache katikati ya mjadala wa bia na mafuta ya kupikia. Anayetaka kumpima mbunge kwa kaveera lazima asome vikao vya Mei, na asome bajeti pia: fungu la mamlaka ya mazingira NEMA, la mamlaka ya misitu NFA na la wanyamapori UWA. Mbunge anaweza kupitisha sheria kali ya vinamasi Novemba, na Mei akanyamaza wakati wakaguzi wanakosa hela ya mafuta ya gari. Tunaona kunyamaza huko ni kura.

Kuna pia jambo ambalo halifiki kwenye kura kabisa. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 inataka mabadiliko ya mipaka ya hifadhi ya msitu yaidhinishwe na Bunge. Mpango wa 2007 wa kutoa takriban hekta 7,100 za Mabira kwa kilimo cha miwa uliishia barabarani, kwenye maandamano ya Aprili yaliyoua watu Kampala, na serikali ikarudi nyuma. Hakuna orodha ya kura ya kusoma. Kilichopo ni maswali kwa mawaziri, hoja na maombi ya wananchi, na humo ndimo utakamojua nani alisimama mapema.

Usisahau pia kwamba mswada unaweza kurudi. Mswada wa bioteknolojia na usalama wake, unaohusu mazao na viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, ulipita Oktoba 2017, rais akaurudisha Desemba, Bunge likaupitisha tena Novemba 2018 ukiwa na jina jipya na kifungu kinachombebesha mtengenezaji wajibu wa madhara hata bila kuthibitisha uzembe, na mwaka 2019 rais akaukataa tena. Mbunge aliyeupenda wa kwanza na kuupinga wa pili, au kinyume chake, hajajipinga. Ni maandishi mawili tofauti. Linganisha vifungu kabla hujamwita kigeugeu.

Majirani wa Hansard

Parliament Watch, mradi wa Centre for Policy Analysis wa Kampala, hufuata vikao siku hiyo hiyo na kuandika muhtasari. Kwa kujua tarehe na hoja ni wa haraka kuliko kupekua faili za Bunge, na tunapendekeza kuanzia huko kama hujui mwezi. Ila Spika akiwa hakuhesabu, nao hawana cha kuhesabu.

Nchi hii iliwahi kuwa na kadi ya alama ya wabunge. Africa Leadership Institute waliiendesha wakati wa Bunge la 8, kati ya 2006 na 2011, wakipima kazi ya ukumbini, ya kamati na ya jimboni. Ilikuwa kazi ya maana, na pengo lake linaonekana hadi leo. Kwa mazingira ilikuwa na mipaka yake, kwa sababu kuhesabu mbunge alisimama mara ngapi hakukuambii alitetea nini.

Wanaotaka mfano wa kadi ya mazingira hasa watazame Marekani. League of Conservation Voters, iliyoanzishwa 1970, hupima wabunge wa shirikisho, na majimbo mengi yana vyama dada vinavyopima mabunge ya majimbo; cha California, kilichoanza 1972, tangu 2021 kinaitwa California Environmental Voters. Hesabu ni nyepesi: wanachagua kura kadhaa za mwaka, wanatangaza upande wanaouona wa kulinda mazingira, kisha kura nzuri zinagawanywa kwa kura zote zilizochaguliwa na kupatikana asilimia. Kadi ya taifa humhesabia asiyepiga kura kama amepiga vibaya, na tunaona ni sahihi. California wanajua sababu yake: mswada wa kawaida kule unahitaji kura 41 katika Bunge la watu 80 na 21 katika Seneti ya watu 40, bila kujali wangapi wamepiga, kwa hiyo kukaa kimya ni kukataa bila kuonekana. Kasoro ni kwamba chama chenyewe ndicho kinachochagua kura zipi ziingie, na mswada uliouawa kwenye kamati hauonekani ukumbini. La kuiga ni tabia yao ya kuwaandikia wabunge kabla ya kura kwamba hii tunaweza kuihesabu.

Kadi hizo zinawezekana kwa sababu kule majina yanaandikwa. Kwetu, kikundi cha kijiji, cha msikiti, cha kanisa au cha wavuvi kinaweza kutengeneza yake kwa alama za aina nyingine. Chagueni mambo nane hadi kumi ya miaka mitano, yakiwemo mawili ya kodi na moja la bajeti. Mpeni mbunge alama 3 akileta marekebisho ya kuimarisha kifungu, hata yaliposhindwa. 3 kwa ripoti ya wachache ya aina hiyo. 2 kwa saini kwenye ripoti nzuri ya kamati. 1 kwa kusema akitetea. Mwondoeni 3 akileta marekebisho ya kulegeza. Kimya ni sifuri. Mbele ya kila alama andikeni tarehe ya kikao na kifungu, ili mheshimiwa akikana mumfungulie ukurasa. Na kabla ya kutangaza, mpelekeeni ofisini kwake. Mara nyingine atakuwa na hati ya kamati ambayo haikufika mtandaoni. Msilinganishe alama za waziri na za mbunge wa kawaida, kwa kuwa waziri anatetea mswada wa serikali kwa wajibu wa kazi.

Kwa upande wa wilaya, kadi ya mabaraza ya ACODE, taasisi ya utafiti wa sera ya Kampala, inayotolewa tangu 2009, inampa mwenyekiti, spika na kila diwani alama kati ya 100. Mali asili na mazingira yamo kati ya huduma ambazo diwani anapimwa kama anazifuatilia, kwa ziara na ripoti zake kwenye baraza. Haipimi kura, na si wilaya zote zimo. Lakini kura za wilaya kuhusu vinamasi na uchimbaji mchanga zinapatikana kwa urahisi kuliko za Kampala: kumbukumbu za kila kikao ziko kwa karani wa baraza, ukumbi ni wa watu wachache, na anayeketi kwenye benchi la wananchi anamwona kila diwani akiinua mkono.